Mbao za kujengea: kutoka lundo la muuzaji hadi juu ya ukuta

Ukifumua paa kuukuu, karibu kila mara utakuta jambo lilelile. Katikati ya boriti mbao ingali ngumu kama siku ilipopandishwa. Ncha zilizozikwa ukutani zimekuwa unga, na pale bati lilipokuwa likivuja, bisibisi inazama bila kusukumwa. Mti ni mmoja, umri ni mmoja. Kilichozitofautisha sehemu hizo ni maji. Hatua zilizo hapa chini zinayafuata maji hayo, tangu mbao ikiwa bado mbichi hadi imebeba mzigo.

Vipimo vyote ni vya milimita, isipokuwa pale inapotajwa mita. Mbao ya 50 kwa 100 ndiyo ile mafundi wanayoiita mbili kwa nne, na ya 50 kwa 150 ni mbili kwa sita.

Hatua ya 1: Amua mbao itakaa wapi kabla ya kuuliza ni ya mti gani

Mbao ya kenchi, yaani fremu inayobeba paa, iliyo chini ya paa lisilovuja haihitaji ubora uleule wa nguzo inayosimama nje. Jiulize kama itakuwa kavu siku zote, kama inaweza kulowa mara mojamoja, kama itanyeshewa, au kama itagusa udongo. Kadiri unavyoteremka kwenye orodha hiyo, ndivyo unavyohitaji ama kiini cha mti unaojikinga wenyewe, kama msaji au mvule, ama mbao iliyotiwa dawa kwa mgandamizo, yaani dawa iliyosukumwa ndani kwa nguvu kiwandani.

Neno muhimu hapo ni kiini, yaani sehemu ya ndani ya gogo iliyokolea rangi. Ile ya nje, nyeupe au ya manjano, huliwa na kuvu na wadudu katika mti wowote, hata msaji. Mtu hulipia mbao ya thamani akapewa iliyopasuliwa pembezoni mwa gogo, nusu yake nyeupe, kisha baada ya miaka michache anausema vibaya mti wenyewe. Uzito nao usikudanganye, kwa sababu ipo mikaratusi mizito inayooza upesi ikigusa udongo. Jina "mbao ngumu" pia linapotosha: balsa, mti mwepesi ambao ukucha unaacha alama juu yake, wataalamu wa mimea huuweka kundi moja na mvule.

Paini isiyotiwa dawa inafaa kwa kenchi, papi (mbao zinazopita juu ya kenchi na kupigiliwa bati) na dari mahali pakavu. Nje, au karibu na ardhi, usiitumie bila dawa.

Hatua ya 2: Kagua mbao moja moja

Usikubali kuhesabiwa lundo. Inua ncha moja hadi usawa wa jicho, acha nyingine ikae chini, kisha tazama kwenye ubavu, yaani upande mwembamba, kama mtu anayelenga shabaha. Geuza mbao na uangalie pande zote nne.

Mbao iliyopinda kidogo kwa ubavu inatumika, mradi utaiweka mgongo ukiwa juu ili mzigo uinyooshe. Iliyopinda kwa bapa, yaani upande mpana, inaweza kuvutwa na papi ikakaa. Iliyojisokota, ambayo ukiilaza sakafuni kona moja inabaki hewani, iache. Hakuna msumari utakaoinyoosha, na ukiilazimisha itaivuta kenchi nzima nje ya mstari.

Vifundo viko vya namna mbili. Kilichoshikamana na mbao pande zote hakina tabu kubwa kikiwa kidogo na kiko katikati ya upana. Kilichozungukwa na duara jeusi kimekufa. Kitang'oka mbao ikikauka, kiache tundu. Mahali pabaya zaidi ni ubavuni, karibu na katikati ya urefu, kwa sababu huko ndiko boriti inakovutwa kwa nguvu zaidi. Kifundo kinachozidi theluthi ya upana kinatosha kuifanya mbao ikataliwe kwa kazi ya kubeba. Ikate vipande vifupi vya kuzibia nafasi.

Kisha tazama nyuzi. Buruta ncha ya msumari mkali juu ya mbao na uiache ifuate njia yake yenyewe. Kama mstari umekengeuka zaidi ya 100 ndani ya urefu wa mita 1, mbao hiyo itapasuka mshazari ikipata mzigo, hata kama haina kifundo hata kimoja. Wanunuzi wengi hawaoni kasoro hii kwa sababu mbao yenyewe inaonekana safi.

Ncha za mbao nazo zina habari zake. Ukiona kitovu cha gogo, ile nukta ambamo duara za umri zinaanzia, kimo ndani ya mbao yako, tarajia nyufa na kujisokota. Matundu madogo ya mviringo yenye unga mwepesi unaomwagika ukigonga ni ishara kwamba bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wamo ndani na wanaendelea kula. Mbao hiyo isiingie hata kwenye ghala lako. Madoa ya bluu kwenye paini hayapunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha, lakini yanakuambia kwamba mbao ililala mbichi muda mrefu, basi tafuta na dalili za kuoza.

Mwisho, toa futi. Mbao inayouzwa kama 50 kwa 100 mara nyingi ina 45 kwa 95, na tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana. Ugumu wa mbao dhidi ya kupinda hufuata unene mara kina (kimo cha mbao ikisimama kwa ubavu) mara kina mara kina. Piga hesabu: 0.9 mara 0.95 mara 0.95 mara 0.95 ni karibu 0.77. Umepoteza karibu robo ya ugumu, na hesabu za mchoraji zilikuwa za 50 kwa 100. Ama mwambie mchoraji kipimo halisi, ama nunua kubwa zaidi.

Kuhusu idadi: mbao 50 za 50 kwa 100 zenye urefu wa mita 4 ni mita moja ya ujazo. Ongeza asilimia 10 kwa ncha zitakazokatwa na zile zitakazokataliwa.

Hatua ya 3: Pima unyevu, usikisie

Mti uliokatwa leo una maji ya aina mbili: yaliyo huru ndani ya mirija yake, na yaliyoshikwa ndani ya kuta za nyuzi. Ya kwanza yakitoka, mbao inapungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 28 hadi 30, ya pili huanza kutoka, na hapo ndipo mbao inasinyaa, inapinda na kupasuka. Kwa urefu haisinyai kwa kiasi cha kujali. Kwa upana husinyaa, na kando ya duara za umri husinyaa kiasi cha mara mbili ya kuzikata kuelekea kitovu. Tofauti hiyo ndiyo inayokunja ubao mpana kama mtaro.

Chukua ubao wa upana wa 150 ambao kusinyaa kwake kote, tangu mbichi hadi mkavu kabisa, ni asilimia 8. Ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 30 hadi 12 utapoteza karibu 7. Sakafu yenye mbao ishirini za namna hiyo, ikipigwa mbichi, itakuwa na nyufa ishirini za kupitisha sarafu.

Kupima kwa usahihi hakuhitaji maabara. Kata kipande chenye urefu wa 25, si chini ya 300 kutoka kwenye ncha, kwa kuwa ncha hukauka upesi na zitakudanganya. Kipime uzito mara moja. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi na ukipime tena kila baada ya saa chache mpaka gramu ziache kushuka. Kwa kawaida usiku na mchana mmoja unatosha. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya jibu kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa na gramu 186 kikaishia 150 kina unyevu wa asilimia 24, kwa sababu 36 gawanya kwa 150 ni 0.24. Kosa la mara kwa mara ni kugawanya kwa uzito wa kwanza; ukifanya hivyo utapata 19 na utadhani mbao iko tayari.

Kipima unyevu cha pini mbili ni chepesi zaidi, ila zamisha pini ndani kadiri ya robo ya unene, pande za katikati ya urefu. Pini zinazogusa juu tu hupima ngozi ya mbao. Usikitegemee pia kwenye mbao iliyotiwa dawa za chumvi, kwani chumvi hupitisha umeme na kipima husoma juu.

Njia ya haraka kwenye lundo ni mizani. Mbao kavu ya paini ya 50 kwa 100 kwa mita 4 ina uzito wa kilo 10 hivi. Ukiipandisha mizani ikasoma 16, unabeba maji.

Lengo ni hili: boriti na kenchi zisizidi asilimia 20, kwa sababu juu ya hapo kuvu wanaoozesha wanapata nafasi. Milango, fremu na sakafu zikaribie asilimia 12 au chini yake, kulingana na hewa ya chumba. Mbao haikauki ikaisha. Hutulia sawa na hewa inayoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 kwenye nyuzi joto 20 huifikisha mbao kwenye 12, na hewa ya asilimia 80 huifikisha kwenye 16. Kukausha fremu hadi 8 na kuipeleka mahali pa 16 ni kujitafutia milango inayokwama.

Hatua ya 4: Panga mbao zikauke

Hii ni kazi ya siku moja inayookoa fedha nyingi kuliko kazi nyingine yoyote kwenye orodha hii. Tafuta kivuli chenye upepo. Jenga misingi ya matofali au vipande vya mbao ili safu ya kwanza iwe juu ya ardhi kwa 300 hadi 450. Hakikisha vichwa vyote vya misingi viko usawa mmoja kwa uzi na pima maji. Msingi mmoja ukizama, kila mbao ya juu yake itakaukia katika umbo hilo.

Kata fito za 25 kwa 25 kutoka mbao kavu, za kutenganisha safu na safu ili hewa ipite. Fito mbichi huacha mistari ya madoa na kuvu. Kwa mbao za unene wa 50 zipange kila baada ya 600. Kwa zile za 25, kila baada ya 300 hadi 400. Fito za kila safu zikae wima juu ya zile za chini yake, mpaka kwenye msingi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanatupia fito popote, kisha uzito wa lundo unazikunja mbao katikati ya fito mbili kama nguo kwenye kamba. Acha nafasi ya 20 hadi 30 kati ya mbao na jirani yake. Fito za mwisho ziwe kwenye ncha kabisa.

Paka ncha za mbao rangi nzito ya mafuta au nta siku ileile zilipopasuliwa. Maji hutoka kwenye ncha kwa kasi mara nyingi zaidi ya inavyotoka kwenye bapa, na ncha ikitangulia kukauka inapasuka. Mbao nene ambazo ncha zake hazikupakwa zinaweza kukulazimisha kukata 150 na zaidi kila upande.

Funika juu kwa bati lililozidi lundo pande zote, weka mawe au matofali juu yake, na uache ubavu wazi. Turubai iliyoteremshwa hadi chini inahifadhi mvuke, na ndani ya wiki mbili utakuta ukungu.

Muda unategemea mti, unene na hewa. Paini ya 25 penye joto na upepo inaweza kuwa tayari baada ya wiki kadhaa. Mbao nzito ya 50 huchukua miezi mingi, na mingine hupita mwaka. Badala ya kuhesabu siku, weka mbao moja ya alama unayoweza kuichomoa, ipime kila wiki, uandike kilo kwenye ncha yake. Kilo zikiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, lundo limetulia.

Hatua ya 5: Dawa, na mpangilio wake

Kata, toboa na chonga kwanza. Tia dawa baadaye. Dawa nyingi huingia kwenye ganda la nje tu, na kiini mara nyingi huikataa hata kwa mgandamizo. Ukikata mbao iliyotiwa dawa umefungua mlango katikati yake. Panapolazimu kukatwa juu ya ukuta, paka mkato huo dawa ya brashi mara mbili au tatu mpaka uache kunywa.

Kwa mbao za ndani, dawa ya boroni inaweza kutengenezwa papo hapo kwenye eneo la kazi. Kwa lita 100 za maji pima kilo 6 za boraksi na kilo 4 za asidi ya boriki. Maji yawe ya moto, koroga mpaka unga uishe. Dawa hii husafiri ndani ya mbao kwa kutumia maji yaliyomo humo, kwa hiyo hapa mbao mbichi ndiyo bora. Izamishe ilowe pande zote, itoe, ilundike bila fito, na uifunge kwa nailoni isipitishe hewa. Kadiria mwezi mmoja kwa kila 25 ya unene. Baada ya hapo fungua, panga na fito, uikaushe kama ilivyoelezwa juu. Ukipaka dawa hii kwenye mbao kavu kwa brashi, inabaki juu.

Udhaifu wake ni kwamba maji yaliyoiingiza huitoa pia. Mvua itaiosha. Kwa mbao za nje unahitaji dawa inayojifunga kwenye nyuzi, na hiyo hutiwa kiwandani ndani ya mtungi, kwanza hewa ikivutwa nje kisha dawa ikisukumwa kwa mgandamizo. Ya kijani iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya ziliibana matumizi yake kwenye nyumba za kuishi kuanzia 2004 kwa sababu ya aseniki. Ukiitumia, vaa glavu na barakoa unapokata, kusanya vumbi lote, na usiwashe mabaki yake jikoni wala kwenye moto wa takataka. Moshi na majivu yake ni sumu. Mabaki hayo yasiwe matandiko ya mifugo wala kibao cha kukatia nyama. Misumari na bolti ziwe za kupakwa zinki kwa kuchovywa au zisizoshika kutu, kwa kuwa shaba iliyo kwenye dawa hula chuma kitupu.

Oili chafu ya injini si dawa. Inaipa mbao rangi nyeusi na harufu inayowapa watu matumaini, haizami, inazuia rangi kushika, na inachafua udongo.

Dhidi ya mchwa, dawa ya mbao ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha hakuna njia ya siri kutoka ardhini. Mchwa wa ardhini huja kwa vijia vya udongo kwa sababu hawavumilii hewa kavu, basi acha kimo cha 150 au zaidi cha msingi kikiwa wazi ili vijia hivyo vionekane. Usirundike udongo, kuni wala mabaki ya mbao ukutani.

Hatua ya 6: Simamisha mbao, usiilaze

Mbao ya 50 kwa 100 iliyosimamishwa kwa ubavu ina ugumu mara nne ya ileile ikilazwa, na nguvu mara mbili. Ukipanda hadi 50 kwa 150, mbao ileile ikisimama inaizidi ikilala mara tisa kwa ugumu. Ndiyo maana kuongeza kina kunalipa kuliko kuongeza unene.

Kwa sakafu ya kawaida ya nyumba, boriti za unene wa 50 zikiwa kila baada ya 400, makisio ya kuanzia ni haya: gawanya nafasi kati ya kuta kwa 24, ongeza 50. Nafasi ya mita 3.6 inakupa 150 jumlisha 50, yaani kina cha 200. Hayo ni makisio ya kuagizia mbao tu. Nafasi kubwa, matangi ya maji, au kuta zinazokalia boriti zinahitaji hesabu ya mhandisi.

Boriti ndefu iliyosimama hupenda kulala ubavu. Weka vipande vya kuzuia kati ya boriti na boriti kwenye ncha, na katikati pia nafasi ikizidi mita 2.5.

Kuhusu moto, mbao nene haistahili sifa mbaya iliyo nayo. Huungua na kuwa mkaa kwa kasi ya 0.7 hivi kwa dakika kwa paini, na mkaa wenyewe unaukinga ule mti wa ndani. Kwa nusu saa, kila uso unaopigwa na moto unapoteza karibu 21. Nguzo ya 200 kwa 200 inabaki na 158 ya kubebea. Mbao ya 50 iliyopigwa pande mbili inabaki na 8. Ziba kenchi nyembamba kwa dari.

Hatua ya 7: Kufunga

Msumari uwe na urefu usiopungua mara mbili ya unene wa mbao unayoifunga: kwa mbao ya 25 tumia wa 65, kwa 50 tumia wa 100. Msumari wa kipenyo cha 4 upigiliwe si chini ya 80 kutoka kwenye ncha ya mbao. Kama huna nafasi hiyo, toboa kwanza kwa drili ya 3, nawe unaweza kusogea hadi 40. Kwenye mbao nzito toboa kila mara. Fundi asiye na drili hugonga ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu, na hilo lina sababu yake: ncha kali hupenya kama kabari na kutenganisha nyuzi, ncha butu huzivunja na kujichimbia njia.

Msumari uliopigwa kwenye ncha ya mbao, sambamba na nyuzi, unashika kidogo tu. Usiutegemee kuzuia upepo unaoinua paa. Kenchi ifungwe kwenye mbao ya juu ya ukuta kwa mikanda ya chuma, na mbao hiyo yenyewe ishikwe kwa mikanda iliyoteremka ukutani angalau mita 1, au kwa bolti zilizozikwa kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio ukutani. Upepo haulitoi bati peke yake. Mara nyingi huondoka na papi zake.

Tundu la bolti lizidi bolti kwa 1 tu. Bolti ya 12 inataka washa ya upana wa 36 na unene wa 4 kila upande, la sivyo nati itazama ndani ya mbao. Kama mbao inavutwa, acha 84 kutoka bolti hadi ncha, yaani mara saba ya kipenyo. Mbao iliyofungwa ikiwa na unyevu husinyaa na bolti hulegea. Rudi baada ya miezi mitatu, kisha baada ya mwaka, uzikaze. Misumari iliyopigwa kwenye mbao mbichi hulegea vilevile, na hiyo haikazwi.

Mafundi bomba na wa umeme huharibu boriti nyingi kuliko mchwa. Waachie kanuni kwa chaki kwenye mbao yenyewe. Kwa boriti ya kina cha 200 yenye nafasi ya mita 4, tundu lisizidi 50, liwe katikati ya kina, kati ya mita 1 na mita 1.6 kutoka kwenye ukuta. Mkato wa juu usizidi 25, na uwe kati ya 280 na mita 1 kutoka ukutani. Upande wa chini, hasa katikati ya nafasi, hakuna kukata hata kidogo. Mkato wa kombamoyo, mbao ya mshazari inayobeba paa, pale inapokalia ukuta usizidi theluthi ya kina chake.

Kenchi zikisimama, funga mbao za mshazari kabla ya bati la kwanza kupanda. Papi pekee hazizuii safu nzima kulala upande mmoja. Kenchi moja ikianguka huangusha ya pili, na zote huenda pamoja na mafundi.

Hatua ya 8: Ncha, nguzo na hewa

Boriti inayoingia ukutani ikalie 100. Chini yake weka karatasi ya kuzuia unyevu. Ubavuni na nyuma ya ncha acha nafasi ya 10 hadi 12 ya hewa, na umkataze mwashi kuijaza chokaa au saruji. Ataijaza, kwa sababu ukuta uliojaa unaonekana nadhifu. Kwa hiyo kagua kabla ya plasta.

Nguzo ya nje isizikwe kwenye zege. Mbao husinyaa, zege linabaki, na kati yake kunazaliwa kikombe kinachojaza maji kila mvua na kuyaficha. Tumia kiatu cha chuma kilichoshikwa kwenye zege, chini ya nguzo iwe 150 juu ya ardhi, nawe uweze kuona mwanga kati ya mbao na zege. Kama hakuna budi kuizika, tumia mbao ya mgandamizo iliyokusudiwa udongo, acha chini ya shimo kokoto badala ya zege, na uso wa juu wa zege uteremke kuikimbia nguzo.

Mbao inayolowa na kukauka siku hiyohiyo inaishi miaka mingi. Ile isiyonyeshewa lakini haipati hewa inaoza kimyakimya. Acha matundu ya hewa chini ya sakafu ya mbao na kwenye dari, yakitazamana pande mbili ili upepo upite. Usipake rangi inayoziba kwenye mbao mbichi. Itafunga maji ndani na kuvimba malengelenge.

Ukaguzi na ukarabati

Mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha, pita na bisibisi. Choma ncha za boriti, miguu ya nguzo, fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa), na sehemu zilizo chini ya misumari ya bati. Mbao nzima hutoa nyuzi ndefu ukiitekua. Iliyooza hukatika vipande vifupi bila mlio. Mipasuko ya mirabamraba yenye rangi ya kahawia ni uozo uliokomaa.

Ukiipata, tafuta kwanza maji yanakotoka na uyazibe. Kisha kata sehemu iliyooza pamoja na 300 hadi 500 ya mbao inayoonekana nzima, kwa maana kuvu hutangulia mbele ya rangi inayoonekana. Paka dawa mkato uliobaki. Weka mbao mpya ubavuni mwa ya zamani, yenye kina kilekile, ikipita kila upande wa mkato kwa angalau mara tatu ya kina, na uifunge kwa bolti mbili au zaidi kila upande. Tegemeza boriti kwa nguzo ya muda kabla ya msumeno kuigusa, na usiiondoe nguzo hiyo mpaka nati ya mwisho imekazwa.